Kurekodi matumizi ya mimea kwa watu wa msituni: mwongozo wa anayeanza, kwa mfano wa Usambara Mashariki

Kila mwaka, vyuo vikikaribia kufungwa, maswali huanza kuingia. "Nataka kufanya utafiti wa miti shamba Amani, nianzie wapi?" "Nimpate vipi mganga wa kuaminika?" "Nihoji watu wangapi?" Nimeyajibu kwa simu, nikayajibu kwa ujumbe wa sauti, nikayajibu nikiwa nyuma ya bodaboda. Sasa nayaandika, ili ukiniuliza tena nikuelekeze hapa.

Mfano wangu wote ni Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, kwa sababu ndiko ninakokujua. Ni msitu wa mvua kwelikweli: Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hata nje ya masika na vuli hukosi manyunyu. Wenyeji ni Wasambaa na Wabondei, pamoja na familia ambazo wazee wao walikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya chai. Ukienda Uluguru, Udzungwa, Kakamega au Ituri hatua ni zile zile. Majina na ofisi ndivyo vitakavyobadilika.

Na swali la mganga acha nilijibu sasa hivi: usianze na mganga. Karibu kila anayeanza hukimbilia kwake, na karibu kila mmoja hurudi na orodha ya miti kumi ambayo hakuiona. Ujuzi wa mganga ndio riziki yake, na sehemu yake ni siri aliyorithishwa kwa masharti. Akikuficha hajakukosea. Wakati huo huo, mama anayechuma mboga pembeni ya shamba la iliki, fundi anayejua fito zipi haziliwi na mchwa, na watoto wanaojua tunda gani limeiva leo wamekaa na ujuzi mkubwa ambao hakuna aliyewauliza. Anza na hao. Mganga atakuja mwenyewe akishaona unavyofanya kazi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

Vibali kwanza. Mwanafunzi wa chuo cha Tanzania huanza na barua ya chuo chake. Mtafiti kutoka nje ya nchi lazima apitie COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukiuliza mambo ya magonjwa na tiba, uliza mapema kuhusu kibali cha maadili, ambacho kwa utafiti wa afya hutolewa kitaifa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ukitaka kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 na sasa iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), unahitaji ruhusa ya mhifadhi. Kuchuma sampuli ni ruhusa nyingine, na kuitoa sampuli nje ya nchi ni nyingine tena. Usidhani moja inazaa nyingine.

Vifaa vyenyewe si ghali:

- Daftari lenye jalada gumu na penseli. Nasema penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka mvua ya kwanza.
- Magazeti ya zamani, mengi kuliko unavyodhani.
- Presi ya mimea: fremu mbili za mbao au mianzi za takriban sentimita 30 kwa 45, vipande vya maboksi vya kuweka katikati, na mipira ile ya kufungia mizigo kwenye pikipiki.
- Mkasi wa kupogolea, panga, na mfuko wa salfeti wa kubebea. Usije na rambo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019.
- Spiriti na ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana. Matumizi yake yako hatua ya sita.
- Simu yenye kamera, GPS na nafasi ya kurekodi sauti, pamoja na pawabenki.
- Mabuti ya mpira na suruali ndefu. Upupu haujali una shahada ngapi.

Na mtu: mwenyeji anayezungumza Kisambaa au Kibondei nyumbani kwake. Huyo mlipe kwa siku, kwa kiwango mlichokubaliana mbele ya ofisi ya kijiji, na umwandike kwenye shukrani kwa jina ikiwa anataka.

Hatua kwa hatua

1. Piga hodi kwa mpangilio. Barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na mwisho mwenyekiti wa kitongoji. Inachosha, lakini ukiruka ngazi moja itakurudia siku ambayo huitaki. Kijijini, omba nafasi kwenye mkutano na ueleze kwa sentensi chache: wewe ni nani, unataka nini, karatasi zako zitakwenda wapi, nani atafaidika. Kama hakuna fedha itakayokuja, sema hakuna.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya mbinu hulipitia haraka. Watu wa Usambara Mashariki wameona mipaka ya hifadhi ikichorwa na kuchorwa upya. Kule Derema wakulima waliachia mashamba ya iliki ili msitu uunganishwe, na suala la fidia lilizungumzwa kwa miaka. Mgeni mwenye GPS anayeuliza "huu mti mnaukata wapi?" anafanana sana na mgambo. Kwa hiyo waambie wazi kwamba hutaandika nani amechuma wapi, kisha usiandike kweli. Andika matumizi, mahali pa kuchumia ndani ya hifadhi pasiingie kwenye daftari likiwa na jina la mtu.

2. Omba ridhaa ya kila mmoja. Ruhusa ya mwenyekiti haimfungi bibi aliyekaa uani kwake. Mwombe yeye mwenyewe, mweleze kwamba anaweza kukataa swali lolote au kuacha katikati, na umuulize kama unaweza kurekodi sauti na kupiga picha. Haya ni maswali mawili tofauti. Mpe namba ya siri, kwa mfano M07, na orodha ya majina iweke mbali na daftari.

3. Kaa siku tatu bila kuuliza chochote cha maana. Amkia watu, "shikamoo" ikae mdomoni. Nenda shambani, beba kuni, menya mihogo. Utasikia majina ya mimea yakitajwa katika mazungumzo ya kawaida, na hayo ndiyo majina yenye thamani kuliko yatakayotajwa kwa ajili yako.

4. Kusanya orodha za kichwani. Chagua kundi moja la mambo, kisha omba mtu akutajie yote anayoyajua bila kumsaidia. "Bibi, mboga zinazoota zenyewe, ambazo hatupandi, ni zipi unazozijua?" Andika kwa mpangilio anaoutaja, kwa sababu kinachotajwa mwanzo mara nyingi ndicho kilicho karibu na maisha. Akinyamaza, msomee alizotaja kisha uliza, "Na nyingine?" Swali hilo dogo huleta mboga tatu au nne zaidi.

Fanya hivyo kwa watu 20 hadi 30, wanawake na wanaume, vijana na wazee, wa mlimani na wa bondeni. Ukiona watu watano mfululizo hawajakuletea jina jipya, kundi hilo limetosha. Nenda kwenye jingine: matunda pori, kuni, fito za kujengea, kamba, dawa za nyumbani, mafuta.

Usidharau mimea ya kuja. Mpera asili yake ni Amerika, lakini majani yake ni dawa ya kuharisha ambayo karibu kila nyumba itakutajia. Msizi, yaani Maesopsis eminii, uliletwa Amani wakati wa ukoloni ukasambaa msituni mpaka ukawa kero kwa wahifadhi, na bado fundi atakueleza mbao zake zinafaa nini. Kazi yako ni kuandika watu wanatumia nini leo. Kumpangia mzee mmea upi ni wa "mila" na upi si wa mila ni kazi ya mtu mwingine, na sijui ni ya nani.

5. Nendeni mkauone mmea. Hii ndiyo hatua inayotenganisha utafiti na hadithi. Jina halitoshi. Mwarobaini wa Tanga ndio mkilifi wa pwani ya Kenya: mmea mmoja, majina mawili. Kinyume chake ndicho chenye hatari. "Mbono" kwa mmoja ni mnyonyo, kwa mwingine ni mbono kaburi, na mbegu za yote mawili zina sumu, kila moja ya aina yake. Ukiandika "mbono" bila kuuona, hujaandika kitu.

Tembea na mtu aliyekutajia, njia aliyoichagua yeye, na mwache yeye asimame. Mkifika kwenye mmea uliza kwa upana: "Huu mnauitaje? Kwa lugha gani? Mnaufanyia nini?" Usiulize, "Huu unatibu malaria?" Atakujibu ndiyo kwa adabu tu, na utaondoka na ushahidi ulioutengeneza mwenyewe.

Kila tumizi liwe na sehemu zake: sehemu ya mmea (mzizi, gome, jani, utomvu, mbegu), namna inavyoandaliwa, nani huandaa, nani hutumia, msimu gani, na kama amewahi kuutumia mwenyewe au amesikia tu. Hilo la mwisho wengi husahau, nalo hubadilisha kila kitu. Chukua msambu, Allanblackia stuhlmannii, mti wa milima hii ya mashariki mwa Tanzania ambao mbegu zake hutoa mafuta yanayoganda bila kuwekwa baridini. Mtu mmoja atakueleza bibi yake alivyoyakamua. Mwingine atakueleza alivyookota mbegu akaziuza. Yote ni matumizi ya msambu, ila ni ya nyakati mbili na ujuzi wa aina mbili, na ukiyaandika kwenye mstari mmoja umepoteza habari.

Magonjwa yaandike kwa maneno ya msemaji. Usitafsiri. "Chango" si minyoo tu. Ndani yake utakuta maumivu ya tumbo, hedhi yenye matatizo, hata kukosa mtoto. "Ngiri" ya mzee si lazima iwe ile ya daktari. "Degedege" ina maelezo yake ambayo hayaishii kwenye homa. Andika neno, kisha muulize anaitambuaje: inaanzaje, inamshika nani, inaisha vipi. Tafsiri ya kitabibu, kama itahitajika, ikae safu nyingine yenye jina lako, isionekane kuwa imetoka kwake.

6. Chukua kielelezo na ukikaushe. Kielelezo ni tawi lenye majani pamoja na maua au matunda, linalotosha kwenye karatasi ya gazeti iliyokunjwa. Mmea mdogo ung'olewe mmoja na mizizi yake, ikiwa iko mingi mahali hapo. Ukiwa mmoja peke yake, piga picha na uuache. Chukua nakala tatu: moja ya hebaria (ghala la mimea iliyokaushwa) ya chuo, moja ya hebaria nyingine, moja ya kutambulishia kijijini.

Mwaka wangu wa kwanza nilirudi na vielelezo zaidi ya thelathini, vyote majani matupu. Mtaalamu wa hebaria alivipanga mezani, akaviangalia, akaniuliza kwa upole kama nilikwenda kuchuma mboga. Majani ya msituni hufanana. Ukikuta mti bila ua, weka alama, muulize mwenyeji hutoa maua mwezi gani, urudi.

Kila kielelezo kina namba moja tu, na namba hiyo iandikwe papo hapo kwenye gazeti na kwenye daftari. Daftarini weka tarehe, mahali, GPS, mwinuko, mazingira, kimo cha mmea, rangi ya ua, harufu, rangi ya utomvu, jina la kienyeji na lugha yake, matumizi, na namba ya siri ya msemaji. Rangi na harufu huondoka mmea ukikauka, kwa hiyo usiziachie kumbukumbu.

Panga kwenye presi: boksi, gazeti lenye mmea, boksi. Geuza jani moja lionyeshe mgongo. Kaza mipira. Badilisha magazeti yaliyolowa kila siku, hasa siku tatu za mwanzo. Tatizo la Amani ni unyevu. Ukungu huingia usiku mmoja. Uchaga wa juu ya jiko la kuni husaidia sana, mradi presi iwe mbali na ndimi za moto na mwenye jiko amekubali. Usipokuwa na joto lolote, funga magazeti kwa kamba, yasimamishe ndani ya ndoo, mwagia spiriti mpaka yalowe, funika kabisa. Yatakaa hivyo hadi ufike penye kikaushio. Spiriti huua rangi yote, na huwaka kama petroli. Ndoo hiyo isilale jikoni.

7. Pata jina la kisayansi kwa mtu anayejua. Picha ya simu na programu za kutambua mimea zitakudanganya kwa kujiamini sana kwenye msitu huu. Peleka kielelezo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hebaria ya taifa Arusha, au ile ya misitu Lushoto. Kwa walio Kenya, hebaria kubwa ya Nairobi yenyewe ilianzia Amani, kwenye kituo cha Wajerumani cha mwaka 1902, ikahamishwa 1950. Kwa hiyo mimea mingi unayohangaika nayo ilishakaushwa na watu wengine kabla yako. Juzuu za mimea ya Afrika Mashariki zilizoanza kutoka 1952 zilikamilika 2012. Mwombe mtaalamu akuonyeshe humo familia ya mmea wako.

Majina ya kisayansi nayo hubadilika. Ua la Usambara lililoitwa Saintpaulia kwa zaidi ya miaka mia moja sasa limehamishiwa Streptocarpus. Usihofu. Ndiyo maana ya kuwa na kielelezo: jina likibadilika, karatasi iko pale pale.

8. Hesabu kidogo. Anza na hesabu ya darasa la nne: watu wangapi wametaja mmea gani, kwa tumizi gani. Hiyo peke yake hujibu maswali mengi. Ukitaka kujua kama watu wanakubaliana kuhusu dawa za kundi fulani la maradhi, chukua idadi ya taarifa zote (kila mtu akitaja mmea mmoja kwa tumizi moja, hiyo ni taarifa moja), toa idadi ya spishi, yaani aina za mimea, gawa kwa idadi ya taarifa kasoro moja. Tuseme taarifa 40 za tumbo zimetaja spishi 8: 40 kutoa 8 ni 32, gawa kwa 39, unapata 0.82. Ikikaribia moja, watu wanarudia mimea ile ile. Haisemi kwamba dawa inaponya. Tafadhali usiandike kwamba inaponya.

9. Rudisha kabla ya kuchapisha. Rudi kijijini na orodha kwa Kiswahili, isomeni pamoja. Watakusahihisha, na kuna mtu atakuomba jambo fulani liondolewe. Liondoe. Vipimo vya dawa na chochote kinachohusu mimba au sumu usikianike hadharani hata kama umepewa ruhusa.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kuonja. Mtu anaambiwa jani ni dawa, analitafuna ili aonekane jasiri. Acha. Hujui kipimo, hujui maandalizi, na zahanati iko mbali.

Kuhoji mwanamke mbele ya mumewe, au kijana mbele ya babu yake, kisha kuandika kwamba wanawake na vijana "hawajui." Wanajua, wamenyamaza kwa heshima.

Kuchubua gome la mti mzima kuzunguka shina ili kupata sampuli. Mti hufa. Kipande kidogo upande mmoja kinatosha, na mara nyingi picha inatosha zaidi.

Kugawa fedha siku ya kwanza. Kesho yake kila mtu ni mtaalamu wa mimea. Kilo ya sukari na sabuni ukiwa unaaga vinatosha kwa mazungumzo ya jioni. Muda mrefu wa kazi ulipwe kama kazi.

Mambo yakikwama

*Kila mtu anakupeleka kwa mzee mmoja yule yule.* Wamedhani unatafuta mganga. Badilisha swali, uliza mboga au kuni. Mzee naye umtembelee, umsalimie, asijione amerukwa.

*Mmea mmoja umepewa majina matatu.* Andika yote, kila moja na lugha na msemaji wake. Usichague.

*Jina moja limejitokeza kwenye mimea mitatu isiyofanana.* Huenda ni jina la kundi. Lakini pia huenda hukuelewa: niliwahi kuandika neno moja la Kisambaa kwa fahari mara tatu, mpaka msaidizi wangu akaketi chini kwa kicheko. Mzee alikuwa ananiambia ni "mti tu."

*Vielelezo vimeota ukungu.* Vyepesi futa kwa brashi na spiriti, badilisha magazeti yote, ongeza joto. Vilivyogeuka vyeusi na kuvunda tupa, ukachume upya kwa namba mpya. Usirudie namba ya zamani.

*Mganga amekubali, lakini anataka kitu.* Msikilize anataka nini. Wengine wanataka tu kusaidiwa kufuatilia usajili, kwa kuwa tangu sheria ya mwaka 2002 kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Akitaka umwahidi kwamba dawa yake itapimwa maabara, usiahidi usichoweza kukitimiza; unaweza kumpa anwani ya Taasisi ya Dawa za Asili pale Muhimbili, aende akijua anakwenda kuuliza nini.

*Mvua imekuzuia siku nne.* Kaa jikoni. Orodha zangu nzuri zaidi za mboga nimezipata hapo, nikichambua majani na mwenye nyumba, gazeti likikauka juu ya uchaga.